Hata Salamu ni Jibu

Ekalakala, 11 Januari 2025

Mwanangu Asmaa,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baba Nuha anakohoa kila asubuhi na kila asubuhi anaapa si sigara. Nimekutumia maembe kwa gari la Musyoka la kupeleka matunda soko la Machakos. Mabivu nimeyaweka juu, anza na hayo, usije ukanililia kama mwaka jana kwamba yameoza. Msalimie baba yako, kaka yangu Abdulghani, umwambie dukani kwake si mbali kiasi cha kushindwa kumpigia dada yake simu.

Habari kubwa unayo, lakini acha niiandike kwa raha yangu. Posa ya Umar tumeikubali. Huyu kijana wa Katelembo anayefanya kazi kiwandani Athi River, mrefu, mwenye haya, huyo ndiye atakuwa mkwe wangu. Nikaha ni mfungo mosi, Idd ikishapita, inshallah. Bibi arusi wetu Nuha anaimba jikoni mpaka wali unaungua.

Sasa nije kwako. Nasikia kwa watu, si kwako, kwamba umeanza kazi kwa daktari. Kazi! Na chuo cha uuguzi je, kimehamia wapi? Hebu niambie, mtu anasoma kutwa nzima kisha anakwenda kufanya kazi, huo ubongo anaupumzisha saa ngapi? Mshika mawili moja humponyoka, na nikimjua Asmaa wangu, litakaloponyoka ni chuo. Mama yako, Mungu amrehemu, aliniachia wewe nikulee usome. Hakuniachia karani.

Usiniulize kwa nini siandiki kwenye simu. Simu yangu ni ya kijiji kizima. Nuha anaisoma, baba yake anaisoma, hata watoto wa jirani wakija kucheza gemu wanaisoma. Barua nikishaitia gundi imefungwa.

Jambo dogo kabla sijasahau. Jirani yangu Mwikali, yule muuza nyanya, alitibiwa hapo kwa daktari wako wiki iliyopita. Amekonda, na watu wameanza kunong'ona. Ana nini, maskini? Nimpelekee uji au nikae mbali?

Shangazi yako,
Pili

*

Machakos, 21 Januari 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Maembe yamefika, na Baba amemaliza ya juu yote, nimebaki na ya chini. Yeye hajambo, ila goti linamsumbua. Mwambie Nuha nimefurahi mpaka nimepiga kigelegele maktabani na nikafukuzwa.

Pole kwa kusikia habari zangu kwa watu. Nilijua utakasirika, nikawa naahirisha. Acha nikueleze kazi yenyewe kwanza. Daktari Ndunda anakaa na mgonjwa, anamtazama usoni, anamuuliza. Mimi niko kwenye kona na kompyuta, naandika yote: mgonjwa amesema nini, daktari ameona nini, ametoa dawa gani. Mwishoni anasoma, anasahihisha, anaweka sahihi. Zamani alikuwa akiandika mwenyewe, na mgonjwa anaongea na kisogo chake.

Naenda Jumanne na Alhamisi masomo yakiisha, na Jumamosi kutwa. Wenzangu wanakariri magonjwa vitabuni, mimi nayasikia yakielezwa na wenyewe. Na daktari huyu pia anatufundisha chuoni, kwa hivyo ananijua. Lakini sitakudanganya, Shangazi, nimechoka ajabu. Juzi nilisinzia darasani na kalamu mkononi. Mwalimu akaniita jina, nikaruka nikamuuliza, "Maumivu yalianza lini?" Darasa zima lilicheka mpaka sasa wananiita Daktari.

Mwikali mpelekee uji, usimwogope. Ni vidonda vya tumbo tu. Amepewa dawa, atapona.

Nakimbia, zamu inaanza.

Mwanao,
Asmaa

*

Ekalakala, 8 Februari 2025

Asmaa, mboni yangu,

Salamu nyingi. Mvua imetusahau lakini tupo. Baba Nuha amenunua kanzu ya arusi kabla ya bwana arusi kununua yake. Mimi na Nuha tumeshaanza kuchagua leso, na kila nikipenda moja yeye anaipinga.

Nimekaa nikafikiri juu ya kazi yako, na naona nilikuwa na hasira za bure. Kazi nzuri hiyo! Unasaidia watu. Neno lako juu ya Mwikali limenisaidia sana. Watu walikuwa wanasema ana ugonjwa gani sijui, hata nyanya zake walikuwa hawanunui. Nikasimama pale sokoni nikawaambia, "Nyamazeni, ni vidonda vya tumbo, nimeambiwa na aliyeandika." Wakanyamaza wote.

Sasa sikiliza, na hili ni letu wawili. Mwelu wa Katelembo alikuja hapa kununua vitambaa. Akaniambia amemwona Umar wetu kwenye benchi la kliniki yenu, Jumamosi, amevuta kofia mpaka kwenye macho. Jumamosi ni siku yako. Ulikuwa humo chumbani, mwanangu. Alifuata nini?

Simtakii mabaya. Lakini Nuha ni mtoto wangu wa pekee, na mwanamume anayejificha kwa kofia ana la kuficha. Kabla sijamtoa mtoto wangu nyumbani nataka kujua namtoa kwa nani. Niandikie neno moja tu, kama lile la Mwikali. Musyoka anarudi keshokutwa, mpe.

Shangazi yako akupendaye,
Pili

*

Machakos, 15 Februari 2025

Shikamoo Shangazi,

Natumai mko salama. Baba anakusalimu.

Siwezi.

Siwezi kukuambia kama Umar alikuja. Siwezi kukuambia kama hakuja. Akiwa mzima siwezi, akiwa mgonjwa siwezi. Tafadhali usiniulize tena.

Ile ya Mwikali ilikuwa makosa, Shangazi. Sikupaswa kuandika hata mstari mmoja. Nilikuwa nimechoka, nina haraka, nikaona nikikutuliza nimefanya wema. Juzi Mwikali amekuja hapa kliniki. Alisimama mlangoni, wagonjwa wamejaa, akasema kwa Kikamba, na kila mtu akasikia, kwamba tumbo lake limekuwa hadithi ya soko la Ekalakala. Kumbe alikuwa hajamwambia hata mumewe. Alilia. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

Daktari Ndunda aliniita. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema mtu akiingia chumba kile anavua nguo na anavua maneno, na vyote viwili ni vyake. Akasema neno lingine likitoka kupitia kwangu, kliniki nimeondoka, na chuoni ataandika kwamba sifai kuwa muuguzi. Shangazi, akiandika hivyo nimekwisha. Hakuna chuo kitanichukua.

Na mtihani mdogo wa wiki jana nimeanguka. Kwa hivyo ulikuwa umesema kweli kuhusu mshika mawili. Furahi kidogo.

Asmaa

*

Ekalakala, 21 Februari 2025

Asmaa,

Wa alaykumu salaam. Tuko wazima.

Pole kwa mtihani. Sijafurahi, kwa hivyo usinitie maneno mdomoni. Kwa Mwikali nimekwenda mwenyewe, nimemwomba radhi mbele ya mumewe, na amenifungia mlango. Hiyo ni haki yake.

Lakini wewe hunidanganyi. Mwikali hakuwa na kitu kikubwa, ukasema upesi. Kwa Umar unasema "siwezi". Mimi si mtoto. Mtu akiwa mzima, kusema ni mzima kunamdhuru nani? Ungeniambia "Shangazi, lala usingizi," basi, mambo yangeisha. Hukuniambia. Nimezunguka na barua yako siku nzima, nimeunguza mchuzi, Nuha ananiuliza nina nini, na mimi namwambia ni moshi.

Unaogopa daktari, sawa. Sitaki akufukuze. Basi tufanye hivi, na hapa hutasema neno lolote, hata Ndunda mwenyewe akisoma hataona kosa. Kama Umar ni mzima, niandikie salamu. Salamu tu, za kawaida, hali ya hewa, goti la baba yako. Kama ana lile la kuvunja posa, usiniandikie kabisa. Nitangoja mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Nisipopata kitu, nitajua, na nitawarudishia watu wa Katelembo posa yao kwa heshima, na jina lako sitalitaja mpaka kaburini.

Nilikunyoa nywele za utotoni kwa mikono yangu, Asmaa. Nuha alikuwa akikupa nusu ya kila kitu chake. Usimwache aingie shimoni huku wewe unaliona.

Pili

*

Machakos, 24 Februari 2025

Shangazi,

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye ngazi za chuo, na nimekosa kipindi kizima kwa sababu yake. Umenifunga kamba pande zote! Nikiandika nimesema. Nisipoandika nimesema. Hata mwizi anaachiwa mlango wa nyuma.

Basi sikia. Naandika, na kuandika kwangu si jibu. Ningekuandikia barua hii hii, neno kwa neno, akiwa mzima au akiwa mgonjwa, awe alikuja au awe hajawahi kukanyaga Machakos. Usiisome kama salamu. Na siku nisipoandika, usisome hicho pia. Nimekataa mpango wako wote.

Unauliza kusema mtu ni mzima kunamdhuru nani. Kunamdhuru wa pili, Shangazi. Nikisema wa kwanza ni mzima, na wa pili nikanyamaza, huyo wa pili nimeshamtangaza. Wewe mwenyewe ndivyo ulivyonifanyia. Ulichukua Mwikali ukampimia Umar.

Unataka kujua habari za Umar? Muulize Umar. Ana mdomo. Mwite, mkalishe, mpe chai, muulize usoni. Kama ataona haya, mwache aone haya mbele yako, usimchunguze nyuma ya mgongo wake.

Na Nuha usimtumie kunichoma. Nampenda kuliko unavyodhani.

Nampa Musyoka barua hii leo leo.

Asmaa

*

Ekalakala, 4 Machi 2025

Asmaa mwanangu,

Ramadhani karim. Mwezi umeandama, na kutoka kwako sijapata kitu.

Nimeelewa. Mungu akulipe. Najua imekuuma kukaa kimya, na mimi sitauliza ni nini, maana ulichoniambia kwa kunyamaza kinatosha. Jana nimemtuma Baba Nuha Katelembo na watu wawili wa heshima, wamerudisha posa. Wamesema tu kwamba hatukuafikiana. Mjomba wake Umar aliuliza kosa ni lipi, wakaomba ruhusa ya kuondoka.

Nuha hajafuturu. Amejifungia. Nimemwambia siku moja atanishukuru, akaniambia siku hiyo nisiingoje.

Lakini afadhali alie leo. Funga salama, kula daku vizuri, soma.

Shangazi yako,
Pili

*

Machakos, 14 Machi 2025

Shangazi,

Ulipokea simu yangu, kwa hivyo unajua nilivyokuwa. Hata hivyo naandika, maana kwenye simu nililia tu.

Barua yangu ilikuwa kwenye gari la Musyoka. Gari lilimharibikia njiani, akaliacha kwa fundi akaenda kwao kuuguza mkewe, na barua yangu imelala humo kwenye kisanduku cha mbele na risiti za maembe. Amekuja kuniomba msamaha kwa mikono yote miwili. Hana kosa. Nilikuandikia, Shangazi! Nilikuandikia kwamba kimya changu si jibu, na ikafika kimya.

Nilipokupigia uliniambia, "Basi sema sasa ni mzima, nikamrudishe leo hii." Nikanyamaza, ukasema "Unaona?" ukakata. Wallahi neno lilikuwa hapa kwenye ulimi. Ningeweza kukuambia lolote. Nilimfikiria Nuha amejifungia, nikafungua mdomo, nikamwona Mwikali amesimama mlangoni. Nikaufunga. Kama umenichukia, sikulaumu.

Kesho yake nilikwenda kwa Daktari Ndunda nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Alinivutia kiti cha wagonjwa. Nilidhani atachukua kalamu palepale aandike barua ya chuo. Badala yake akaniuliza, "Huyu kijana anajua kwa nini posa imerudi?" Nikasema hajui. Akasema, "Basi yeye ndiye wa kuambiwa, wala si shangazi." Akampigia mwenyewe.

Umar alikuja. Hili nakuandikia kwa ruhusa yake, amesema nikuambie hili na lisizidi: kwamba ni kweli alikuja kliniki ile Jumamosi, na kwamba mimi nilikuwa chumbani. Nilimwambia mbele ya daktari kwamba watu wake wamerudishiwa posa kwa sababu shangazi yangu aliniuliza habari zake na mimi sikujibu. Hakunitukana. Aliuliza, "Kwa hivyo nyumbani kwa Nuha mimi ni mgonjwa?" Nikasema sijui nyumbani kwa Nuha wewe ni nini. Alivaa kofia yake akaondoka bila kuaga. Sijui atafanya nini.

Mimi daktari amenisimamisha kazi mpaka mitihani ya mwisho wa muhula. Barua ya chuo hajaandika. Amesema ananitazama. Kwa hivyo sasa niko na wakati wote wa kusoma, na kila nikifungua kitabu nauona mlango wa chumba cha Nuha.

Asmaa

*

Ekalakala, 5 Aprili 2025

Asmaa,

Idd mubarak, ingawa imepita. Barua zako zimefika zote mbili pamoja, ile iliyolala kwenye gari na ile ya baada ya simu. Nimesoma ya gari kwanza. Nilikaa chini jikoni nikajipiga paji la uso, na Baba Nuha akadhani nimeungua.

Umar alikuja siku ya Idd. Hakuleta wazee. Alikuja na mjomba wake tu, akamwacha nje na Baba Nuha wakinywa chai, akaniomba niketi mimi na Nuha. Kisha akasema. Alisema akitazama mkeka, masikio yamemwiva, alichofuata kwa daktari, alichoambiwa, na dawa anayotumia. Ameniomba nisimwambie mtu mwingine, nami nimemwapia, kwa hivyo hapa sikiandiki. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa maneno yake si cha kuua, wala si cha kumwambukiza mtu.

Nilimwomba radhi. Mimi, Pili, nilimwomba radhi kijana wa kumzaa mwenyewe! Alisema amenisamehe lakini ataka kusikia la Nuha. Nuha akasema, "Mimi nilishakubali zamani, ni nyinyi mlionikatalia." Basi. Nikaha imerudi, inshallah mwishoni mwa mwezi.

Sasa Asmaa, usikasirike. Nimekaa na hili siku kadhaa, na usingizi haunijii. Kijana amesema vizuri, hata amelia kidogo. Lakini mtu anayetaka mke anaweza kusema nusu. Wewe uliandika yote kwa mkono wako. Sikuulizi ni nini, maana ameniambia mwenyewe, siri haipo tena. Nakuuliza hivi tu: aliyoniambia ndiyo yote? Ndiyo au hapana, mwanangu. Kisha sitakuuliza neno tena mpaka nizikwe.

Pili

*

Machakos, 9 Aprili 2025

Shikamoo Shangazi,

Idd mubarak na wewe. Baba anasema atakuja nikahani hata kwa kubebwa, goti au bila goti. Mtihani wa kwanza umepita salama, nimebakisha mitatu. Daktari Ndunda amesema nikifaulu nirudi, Jumamosi peke yake, na ninakubali.

Siwezi kukuambia.

Usitupe barua, soma kwanza. Aliyokuambia Umar sijui ni yapi, na sitaki kuyajua kutoka kwako. Hata ningeyajua nisingekuwekea muhuri. Nikisema ndiyo leo, mwaka ujao utaniuliza tena akikohoa, na mtoto akizaliwa utaniuliza, na Umar atakuwa anaishi katika nyumba ambayo mimi ndiye natoa ruhusa ya yeye kuaminiwa. Alikuja mwenyewe, Shangazi. Aliketi kwenye mkeka wako akasema mambo ambayo wanaume hawasemi mbele ya mama mkwe. Kama unamwamini, chagua leso. Kama humwamini, hata neno langu halitakulaza usingizi, utatafuta mtu mwingine wa kumuuliza.

Najua utakasirika. Kasirika, nitakuja ukinikasirikia hivyo hivyo.

Nuha ameniandikia jana, kwa mara ya kwanza tangu mambo yaharibike. Nilifungua nikiogopa, nikitafuta swali lenyewe liko mstari gani. Hakuuliza chochote. Ametaka tu kujua kama nitamshika mkono siku ya nikaha, kwa sababu anaogopa.

Nimemjibu ndiyo.

Mwanao,
Asmaa